Ukienda Shanghai na Pasipoti ya Ujerumani

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa umoja wetu hapa Hamburg. Kwa ajili ya wasomaji nimeondoa matani ya ndani na kupunguza sehemu ya maswali.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, ndugu zangu wa Bara na wa Visiwani, wa Mombasa na wa Bujumbura, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Na nyie vijana mliojibanza kule nyuma karibu na sambusa, mambo vipi.

Mwenyekiti kaniomba nizungumzie Shanghai kwa sababu baadhi yenu mmeshaanza kuulizia tiketi. Naijua sababu. Tangu tarehe 1 Desemba 2023 China imewaruhusu wenye pasipoti ya Ujerumani kuingia bila viza. Mwanzoni zilikuwa siku 15, na kuanzia 30 Novemba 2024 zikawa 30. Ufaransa, Italia, Uholanzi na Hispania walipewa siku ileile. Ruhusa yenyewe ni ya muda, na hurefushwa inapokaribia kwisha, kwa hiyo kabla hujalipa tiketi hakikisha bado ipo. Kuna pia mpango wa wapita njia: saa 240, yaani siku 10, mradi uwe unaelekea nchi ya tatu na siyo kurudi ulikotoka. Huo ndio uliowasaidia Wamarekani wengi. Orodha ya nchi zake nimeisoma kuanzia juu hadi chini. Nchi ya Afrika hamna hata moja.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu nyumba nyingi zilizowakilishwa humu ni za pasipoti mbili. Baba ana ya Ujerumani, watoto wana ya Ujerumani, mama bado ameshika ya Tanzania, maana sheria ya kwetu haikubali uraia wa nchi mbili na yeye wa kwao hajataka kuuachia. (Wakenya msicheke, nyie katiba ya 2010 iliwafungulia mlango.) Mama huyo lazima aombe viza, apeleke fomu, asubiri. Kwa hiyo karatasi za mama zianze, tiketi za wengine zifuate. Msiende kugombana uwanja wa ndege.

Sasa, mwenye pasipoti nyekundu ya Ujerumani, nakuita mtalii wa Magharibi, na najua jina hilo halikukai vizuri. Lakini pale kwenye dirisha la uhamiaji, uwanja wa ndege wa Pudong, hicho ndicho ulicho. Wanachukua alama za vidole, wanaangalia kijitabu, wanakugongea siku zako 30. Hakuna anayekuuliza ulizaliwa Korogwe au Kiel.

Mtalii wa Magharibi amezoea jambo moja ambalo yeye mwenyewe halioni: popote aendapo anakuta ametandikiwa. Aende Zanzibar, aende Bangkok, aende Marrakech, menyu ina Kiingereza, kadi yake ya benki inapita, ramani ya kwenye simu inasema kweli, na WhatsApp inalia. Shanghai ina watu karibu milioni 25 na haikutandika kwa ajili yake. Haimchukii hata kidogo. Ina shughuli zake tu, na watalii wake wengi ni Wachina wenyewe, wanaotoka Sichuan na Henan na kwingineko, kwa mamilioni. Mgeni wa kutoka Ulaya anakuwa mtu mmoja katika umati ambao haukumgeukia. Nimewaona watu wazima, wasomi, wamesimama katikati ya kituo cha metro na simu mkononi, karibu kulia.

Tuanze na simu, maana simu ndiyo safari yenyewe. Google haifunguki. WhatsApp, YouTube, Facebook na Instagram vivyo hivyo. Ukitumia intaneti ya hoteli, bibi kule Tanga hatakupata, na ataanza kuwapigia simu ndugu wote kuuliza kama umefungwa. Dawa yake ni kununua bando la kusafiria kabla hujaondoka hapa, la laini ya nje, eSIM (laini isiyo na kadi) au laini yako ya kawaida, kwa sababu mawasiliano ya laini ya nje hupitia kwenye mtandao wa nyumbani na WhatsApp inaendelea kufanya kazi. Ramani ni kisa kingine. Hata ukiifungua Google Maps, itakudanganya. China ina mfumo wake wa kisheria wa kupima mahali, na ramani ambayo haikupatanishwa nao inakuonyesha umesimama mamia ya mita kutoka pale ulipo kweli. Unatafuta mlango wa hoteli, unaambiwa uko mtoni. Pakua ramani yao ya Amap, ambayo wenyewe wanaiita Gaode, na uhifadhi jina la hoteli yako kwa herufi za Kichina, siyo kwa Kiingereza. Dereva wa teksi akionyeshwa jina la Kiingereza anatikisa kichwa kwa upole, anaondoka.

Halafu pesa. Hapa ndipo sisi tunapomzidi jirani yetu Mjerumani. Mnamjua alivyo na noti zake, bahasha ndani ya begi, begi ndani ya koti, na kibao cha "kadi hatupokei" kwenye duka la mikate. Akifika Shanghai anakuta muuza viazi vya kuchoma barabarani amebandika karatasi yenye alama ya QR, na mteja anaiskani. Kwa mtu aliyekulia kwenye M-Pesa na lipa namba, hilo halihitaji maelezo. Sisi tumeanza kulipana kwa simu tangu 2007. Unachotakiwa kufanya ni kuweka kwenye simu programu zao za malipo, Alipay na WeChat, ukiwa bado hapa, usajili pasipoti, uunganishe Visa au Mastercard yako, na ulipe kitu kidogo siku ya kwanza kuona kama inapita. Malipo ya hadi yuani 200 kwa kadi ya nje hayana makato. Ukizidi hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo bili kubwa ya chakula mgawane. Noti za yuani bado ni pesa halali na duka halina haki ya kuzikataa, ila chenji inaweza kuwa taabu. Weka chache mfukoni kwa siku simu itakapozima chaji. Na itazima, maana kwenye simu hiyohiyo unalipa, unatafuta njia, unatafsiri, unapanda metro na unaita teksi. Betri ya akiba usiiache nyumbani.

Kuhusu pasipoti, itembee nawe, usiifungie kwenye sefu ya hoteli. Sheria inamtaka mgeni wa miaka 16 na zaidi awe nayo muda wote, na kwa vitendo ndiyo tiketi yako: treni ya mwendo kasi ya kwenda Suzhou au Beijing unaingia kwa pasipoti, na makumbusho mengi yanaitaka wakati wa kuweka nafasi. Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukifikia kwa rafiki, mna saa 24 za kwenda kujiandikisha, na msilipuuze hilo hata kama rafiki anasema hakuna shida.

Wengi hapa hamjui kwamba Hamburg na Shanghai ni miji dada tangu 1986, kama tulivyo dada na Dar es Salaam tangu 2010. Ndiyo maana kuna ile nyumba ya chai ya Kichina pale Rothenbaum, iliyoigizwa ile ya katikati ya ziwa kwenye bustani ya Yu. Lakini ushahidi mkubwa wa udada huo unaukuta mara tu unapotoka uwanja wa ndege wa Pudong. Kuna treni isiyogusa reli, inaelea kwa nguvu ya sumaku, kilomita 30 hadi kituo cha Longyang Road. Teknolojia hiyo ni ya Kijerumani, Transrapid. Iliwahi kupangwa kuunganisha Hamburg na Berlin, wakabishana gharama, mradi ukafutwa mwaka 2000. Tarehe 31 Desemba 2002 Kansela Schröder alikuwa Shanghai akiizindua ya Wachina. Zamani ilifika kilomita 431 kwa saa. Tangu 2021 wameipunguza hadi 300, na bado kikombe cha kahawa kinatulia mezani. Nilipoipanda nilikaa karibu na mzee mmoja wa Bremen aliyekuwa akitikisa kichwa njia nzima, akirudia neno moja tu: "bei uns", kwetu, kwetu.

Metro yao ilianza 1993. Ya kwetu hapa ilianza 1912. Leo yao imepita kilomita 800, ya kwetu ina mia moja na ushee. Nauli inaanzia yuani 3, vibao vina herufi za Kilatini, na kila kituo begi lako linapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Inafungwa mapema kuliko unavyodhani, mara nyingi kabla ya saa sita usiku. Sina la kuongeza hapo. Ukishaizoea, metro ndiyo sehemu ya mji inayochanganya watu kidogo kuliko zote.

Nataka nikae kidogo pale Waitan, ambapo wageni wanapaita the Bund, kwa sababu kila mtalii wa Magharibi anaanzia hapo na anatoka na picha ileile. Umesimama kando ya mto Huangpu. Ng'ambo ni Pudong, ambako hadi 1990 kulikuwa na mashamba, maghala na vibanda, na leo kuna mnara wa mita 632 unaotoboa mawingu. Mgongoni kwako kuna safu ya majumba ya mawe: benki ya HSBC ya 1923, jengo la Forodha la 1927 na saa yake, hoteli aliyoijenga tajiri Sassoon mwaka 1929. Mtalii anageuka, anayaona majumba hayo, anavuta pumzi: hatimaye kitu anachokijua. Anasema pamekaa kama London. Vitabu vya wageni vinamsaidia kusema hivyo.

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kupatazama hivyo. Mbele ya maji, mawe mazito, benki, forodha, kanisa karibu. Tumeshaiona sura hiyo. Tumeiona Azania Front kule Dar, na tumeiona hapahapa Hamburg kwenye Afrikahaus ya 1899, ile yenye tembo, jumba la watu waliokuwa wakipeleka meli Tanga, Dar na Zanzibar. Majumba ya Waitan yalitanguliwa na vita vya kasumba. Waingereza walipigana na China kuanzia 1839 ili biashara yao ya kasumba isizuiwe, wakashinda, na mkataba wa Nanjing wa 1842 ukafungua bandari tano, Shanghai ikiwa mojawapo. Wageni wakajikatia maeneo yenye polisi wao na sheria zao. Ile bustani ndogo mwisho wa Waitan, upande wa kaskazini, ilifunguliwa 1868, na Wachina wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia hadi 1928. Katika mji wao wenyewe! Mjerumani naye asijifanye mtazamaji, maana alikuwa na bandari ya Qingdao tangu 1898 hadi 1914, wakati ambapo alikuwa ameishika Tanganyika pia.

Sisemi msipige picha. Pigeni, jioni taa zinapowaka ni pazuri kuliko picha zote mlizoziona. Ila angalieni Wachina wanaopiga picha pale wamegeukia wapi. Wengi wamegeukia Pudong.

Kando ya hapo kuna barabara ya Nanjing, na hapo nawapa onyo. Atakuja kijana mtanashati, mara nyingi wawili, msichana na mvulana, Kiingereza safi. Wanafunzi, wamekuja kutembea, wanataka kujizoeza lugha. Watakuomba uwapige picha. Mtaongea vizuri. Kisha watataja nyumba ya chai iliyo jirani, wanaonja chai aina mbalimbali, njoo uone utamaduni wetu. Vikombe ni vidogo na bili ni ya kutisha, na mlangoni kuna mtu mkubwa. Mchezo huu ni wa miaka mingi na unawalenga wageni wenye sura ya Kizungu hasa, kwa hiyo sisi wengine tunaponea kwa rangi, mara moja moja rangi inalipa. Lakini mume wako Mjerumani usimwache peke yake pale hata kwa dakika kumi.

Na rangi yenyewe tuiseme, mmeniuliza wengi. Utatazamwa. Shanghai kuliko miji ya ndani ni kidogo, wamezoea wageni, ila kwenye bustani na kwenye treni utatazamwa, na watu waliotoka mikoani watakuomba picha, wengine watapiga bila kuomba. Mama mmoja aligusa nywele za binti yangu kama anavyopima kitambaa dukani. Binti alikasirika, na alikuwa na haki. Mimi nilichokiona ni kwamba hapa Hamburg mtu akinitazama najua anawaza nini, na mara nyingi kuna swali la nina haki gani ya kuwa hapa. Kule sikuliona swali hilo. Niliona udadisi mtupu, wakati mwingine usio na adabu. Wenzetu walioishi Guangzhou kwa biashara watawasimulia mengine, magumu zaidi, ya kukaguliwa viza na kunyimwa vyumba vya kupanga, na msiwabishie. Mtalii wa siku chache na mfanyabiashara wa miaka hawakutani na mji mmoja.

Kila aliyeniuliza natoka wapi nilimjibu Deguo, Ujerumani. Wote walitabasamu kwa heshima na kuendelea kusubiri jibu. Asubuhi moja nilikuwa bustani ya Fuxing, iliyokuwa katika eneo la Wafaransa. Huko kuna sanamu ya mawe ya Marx na Engels, Wajerumani wawili wamesimama chini ya miti, na mbele yao kina mama wa Kichina wanacheza dansi kwa spika ya mkononi. Mzee aliyekuwa akitazama karata za wenzake akaniuliza, nikajibu Deguo, akasubiri. Nikasema Tanzania. Akainuka. Akasema "Tan-Zan tielu", akaiandika hewani kwa kidole, akawaita wenzake waache karata. TAZARA! Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Kwetu reli hiyo tunaijua kwa kuchelewa. Kwao wazee wa rika lile waliisoma magazetini wakiwa vijana, wakati nchi yao wenyewe ilikuwa maskini, na mafundi wao waliokufa kazini wamelala Gongo la Mboto, Dar, hadi leo. Kwa simu ya kutafsiri nikamwambia makaburi yanatunzwa. Pasipoti ya Ujerumani ilinivusha uwanja wa ndege, lakini Tanzania ndiyo iliyonipatia kiti, chai ya moto, na maswali ya saa nzima.

Ukiwa na watu wa umri huo utachekeshwa pia People's Park siku za mwisho wa juma. Wazazi wanapanga miavuli chini, kila mwavuli umebandikwa karatasi: mwaka wa kuzaliwa, urefu, elimu, mshahara, nyumba anayo au hana. Wanatafutia watoto wao wachumba, mara nyingi mtoto mwenyewe hana habari. Watalii wa Ulaya wanapita wakishangaa. Kina mama wa kwetu hawatashangaa, watasoma karatasi na kutoa maoni.

Chakula. Waislamu, tafuteni herufi mbili za "qingzhen", mara nyingi kwenye kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Maduka ya tambi za kuvuta kwa mkono za Lanzhou yako karibu kila mtaa, yanaendeshwa na Waislamu wa huko magharibi, bakuli ni la bei nafuu na nyama yake ni ya ng'ombe. Msikiti wa Xiaotaoyuan uko mji wa kale, si mbali na bustani ya Yu. Lakini vile vifuko vya unga vya mvuke vyenye nyama na mchuzi ndani, xiaolongbao, ambavyo kila kitabu cha utalii kinavisifia, vya kawaida vina nguruwe, hata ule mchuzi wenyewe ni wa ngozi yake iliyochemshwa ikaganda. Usidanganywe na neno "kamba" kwenye menyu, mara nyingi wanachanganya. Bakshishi hawapokei. Maji wanakunywa ya moto, hata Julai. Chooni nenda na karatasi yako, na ujue kuchuchumaa, jambo ambalo sisi wa kwetu hatuhitaji semina.

Msiende wiki ya kwanza ya Oktoba. Tarehe 1 hadi 7 ni sikukuu ya taifa, China nzima iko barabarani, na Waitan askari wanajipanga wakishikana mikono kuzuia umati kwa zamu. Likizo za shule za hapa nazo huwa Oktoba, kwa hiyo hesabuni siku vizuri. Juni kuna mvua nyembamba isiyokoma, Julai na Agosti joto la Dar la Februari bila upepo wa bahari, pamoja na tufani. Novemba ni nzuri. Aprili pia, ukiruka siku za kuzuru makaburi mwanzoni mwa mwezi.

Mwisho, najua mmoja wenu atanivuta pembeni kuniuliza kuhusu soko la mikoba lililo chini ya kituo cha metro cha Makumbusho ya Sayansi. Lipo, bei ya kwanza igaweni kwa tano na muondoke taratibu, wataita. Lakini forodha ya hapa inakubali bidhaa za hadi euro 430 kwa mtu mzima anayekuja kwa ndege, na mikoba kumi ya nembo moja si zawadi kwa macho ya afisa yeyote. Wenye pasipoti za Tanzania na Burundi wabaki hapa mbele tuangalie fomu za viza. Wengine, sambusa zinapoa.